Saba ya Pwani na Saba ya Mlima: Nani Huzipa Namba Maana?

Mwaka 2019, serikali ya Kenya ilipoanza kuandikisha wananchi kwa ajili ya Huduma Namba, yaani namba ya utambulisho wa kila mtu, zilizuka pingamizi za aina mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya kisheria: nani atatunza taarifa hizi, na kwa nini dola ichukue vinasaba vya mtu na ramani ya mahali anapolala? Ya pili ilikuwa ya kiimani. Baadhi ya waumini walikataa kujiandikisha wakisema hiyo ndiyo chapa ya mnyama, ile 666 ya kitabu cha Ufunuo. Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu mpango uendelee kwa masharti, ikazuia ukusanyaji wa DNA na wa taarifa za kijiografia za makazi. Pingamizi la kwanza, basi, lilipata baraza la kulisikiliza. La pili lilibaki mitaani, kwa kuwa wengi walioombwa kulijibu waliona inatosha kulicheka.

Kicheko hakijibu kitu, na anayecheka mara nyingi naye ana namba zake. Anasoma arobaini ya marehemu wake, analipa zaidi apate namba ya simu inayokaririka, na aliyeoa Desemba 2012 huenda alipigania ukumbi wa tarehe 12 ili kadi isomeke 12/12/12. Namba hazina mwisho, lakini watu wa kila mahali huchagua chache na kuzitwisha heri, nuksi, utakatifu au hofu. Kwa nini? Majibu makubwa yako matatu, na kila moja lina watetezi ambao hawasikilizani na wenzao.

Namba zenyewe

Katika pwani ya Afrika Mashariki saba ni namba ya kuanzia. Mtoto hufanyiwa akika siku ya saba, na maharusi hukaa fungate siku saba. Tatu ni ya matanga. Arobaini ni ya kufunga: mzazi hutoka ndani baada ya siku arobaini, msiba hufungwa kwa arobaini, na hata mwizi amewekewa muda huo huo, ingawa yeye hakuombwa ridhaa.

Panda kutoka Mombasa hadi nyanda za Mlima Kenya, saba inageuka sura. Kwa mila ya Wakikuyu ni namba nzito, iliyohusishwa na uaguzi, laana na viapo, na mtu hakuitumia ovyo. Mabinti wa wahenga Gĩkũyũ na Mũmbi, mama wa koo zote, husemwa kuwa “kenda mũiyũru”, tisa iliyojaa, ilhali wakitajwa majina wanafika kumi. Kuhesabu watu hadi mwisho kulionekana kukaribisha balaa, kwa hiyo hesabu ilisimamishwa hatua moja kabla. Mmarekani Claudia Zaslavsky, katika kitabu chake cha 1973 kuhusu hesabu za Kiafrika, alionyesha kuwa miiko ya kuhesabu watu na mifugo imeenea sehemu nyingi za bara hili.

Jamii mbili za nchi moja, basi: moja humpokea mtoto kwa saba, nyingine huikwepa. Msomaji aliweke hilo kando, maana nadharia kadhaa zitajikwaa hapo.

Kwingineko orodha ni ndefu. Uchina na Japani huiogopa nne kwa kuwa matamshi yake hukaribiana na ya neno la kifo, na Wachina huipenda nane. Michezo ya Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8/8/2008 saa 2:00 usiku, ambayo kwa saa yao ni 8:00. Sehemu kubwa ya Ulaya huogopa 13, Italia huogopa 17. Jijini Kabul, karibu na mwaka 2011, magari yenye 39 kwenye namba ya usajili yalikosa wanunuzi kwa sababu namba hiyo ilikuwa imehusishwa na makuwadi. Hakuna kitabu kitakatifu kilichoilaani 39. Ilichafuka ghafla, mchana kweupe, na wenye magari wakapata hasara ya kweli.

Jibu la kwanza: nguvu imo ndani ya namba

Hili ndilo jibu la kale zaidi. Wafuasi wa Pythagoras huko Ugiriki waliiheshimu kumi kwa kuwa ni jumla ya 1, 2, 3 na 4. Kwetu jibu hili linaishi katika falaki. Mnajimu hulichukua jina la mtu na la mama yake, huzibadili herufi kuwa namba kwa hesabu ya abjadi (alifu ni 1, be ni 2, hadi ghaini ambayo ni 1000), hujumlisha, kisha hutoa kumi na mbili kumi na mbili. Kinachobaki ndicho nyota ya mtu. Kwa njia hiyo hiyo Bismillah kamili hufika 786, namba ambayo Waislamu wengi wenye asili ya Bara Hindi huiandika juu ya barua na milango ya maduka.

Jibu hili lisidharauliwe haraka, kwa sababu namba zina tabia za kweli ambazo hazikutungwa na mtu. Chukua mraba wa vyumba tisa unaochorwa kwenye hirizi, wenye tarakimu 1 hadi 9, ambao kila safu, kila mstari wa wima na kila mshazari hutoa 15. Wachina wa kale waliujua, na wanavyuoni wa Kiislamu waliujua pia. Sababu ni kwamba upo mmoja tu: ugeuze, uupindue, utarudi kwenye ule ule, wenye 5 katikati na 2, 4, 6, 8 pembeni. Aliyeugundua kwa mara ya kwanza alikuwa na haki ya kushtuka. Jibu hili lina faida nyingine pia, ya kijamii: humpa mtu aliyekwama kati ya safari mbili au wachumba wawili utaratibu wa kufikia uamuzi, na utaratibu huo una mlango na una mwisho.

Udhaifu wake unaonekana pale herufi zinapogeuzwa namba. Mpangilio wa abjadi si mmoja. Katika ule wa Mashariki ya Kiarabu, unaofuatwa pia pwani yetu, sini ni 60. Katika ule wa Maghribi, yaani Moroko na majirani zake, sini ni 300, na herufi nyingine tano nazo zimebadilishana thamani. Bismillah ile ile ikihesabiwa kwa mpangilio wa Maghribi hutoa 1026. Kama nguvu ingekuwa ndani ya namba, isingebadilika kwa kuvuka Sahara.

Ndivyo ilivyo hata kwa 666. Wasomi wengi wa Biblia huisoma kama fumbo la jina: “Neron Kaisari” likiandikwa kwa herufi za Kiebrania lina thamani ya 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200, jumla 666. Ukiliandika jina kwa mtindo wa Kilatini bila nuni ya mwisho, unapoteza 50 na kupata 616, na kweli kipande cha mafunjo kilichopatikana Oxyrhynchus, Misri, kina 616. Ireneo, mwandishi wa Kikristo wa karne ya 2, aliijua namba hiyo na kuikataa. Kwa usomaji huu, kilichokuwa na uzito kwa wasomaji wa kwanza ni mtawala aliyefichwa nyuma ya hesabu, na namba ilikuwa kitambaa cha kumfunikia. Waliokuja baadaye walikishika kitambaa. Ndiyo maana 666 imeweza kuonwa hata kwenye msimbo pau, ile mistari myeusi ya bidhaa za dukani iliyoanza kutumika Ohio mwaka 1974: jozi tatu za mistari ya mipaka hufanana na alama ya 6, ingawa mashine haizisomi kama tarakimu hata kidogo.

Jibu la pili: ni mazoea ya akili

Wanasaikolojia wanasema tutazame kichwa cha anayehesabu. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa kuhusu namba saba, akionyesha kwamba mtu huweza kushika kwa muda mfupi vitu kama saba hivi, viwili zaidi au viwili pungufu. Makala hiyo hunukuliwa kila siku kama ushahidi kwamba ubongo umeumbwa kwa saba. Wanaoinukuu huwa hawajafika mwisho wake, ambapo Miller mwenyewe alishuku kuwa kufanana kwa saba hizo zote ni sadfa tu. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia upya ushahidi akaishusha idadi hadi karibu nne.

Hata hivyo kuna kitu. Ukiwaomba watu wataje tarakimu yoyote kati ya 0 na 9, saba hutajwa kupita kiasi. Jaribio la Kubovy na Psotka la 1976 liliipa zaidi ya robo ya majibu. Sababu inaeleweka. Mbili, nne, sita na nane zinaonekana za kawaida mno, tano iko katikati, moja na tisa ziko pembeni, tatu ni sehemu ya sita na ya tisa. Saba haigawanyiki na wala haizidishwi kuzaa namba nyingine ndani ya kumi. Imesimama peke yake, na akili inayotafuta kitu kisicho na mpangilio hutua juu yake.

Mtaalamu wa hisabati Richard Guy aliongeza jambo la pili mwaka 1988, ambalo mimi naliona zito kuliko la Miller: namba ndogo ni chache mno kwa kazi nyingi zinazotakiwa kuzifanya. Saba ni siku za juma, ni sayari zilizoonekana kwa macho ya watu wa kale wakijumlisha jua na mwezi, ni takriban siku za robo moja ya mwezi, ni matundu ya kichwa cha binadamu. Mtu akiziweka pamoja huona siri. Kwa kweli ni msongamano: vitu ni maelfu, namba za chini ya kumi ni tisa, lazima vikutane. Na akili huhifadhi zinazokutana na kusahau zilizopishana. Hakuna aliyewahi kutengeneza orodha ya vitu ambavyo si saba.

Nguvu ya jibu hili ni kwamba linakubali kupimwa, hata kama kipimo huweza kulidanganya. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliodai kuwa Wamarekani wenye asili ya Uchina na Japani hufa zaidi kwa maradhi ya moyo tarehe 4 ya mwezi, eti kwa hofu ya namba hiyo. Habari ilisambaa dunia nzima. Mwaka uliofuata Gary Smith alionyesha kuwa matokeo yale yalitegemea uteuzi wa aina fulani tu za maradhi ya moyo, na kwamba data za miaka mingine hazikuyaunga mkono. Watafiti walikuwa wameona muundo pasipo muundo, kosa lile lile walilokuwa wakilichunguza kwa wengine.

Lakini jibu hili hukwama pale pale pa saba ya pwani na saba ya mlima. Ubongo wa Mswahili na wa Mkikuyu ni mmoja. Saikolojia inaweza kueleza kwa nini saba inavuta macho. Haiwezi kueleza kwa nini huku inavuta mtoto na kule inavuta laana. Na arobaini haielezi hata kidogo.

Jibu la tatu: ni makubaliano ya watu

Hapa wanaingia wanahistoria na wataalamu wa jamii. Kwao namba hupata maana kwa sababu kundi la watu limeitumia pamoja, mara nyingi, kuweka mpaka: nani yuko ndani, lini tunaanza, lini inatosha.

Arobaini ni ushahidi wao bora. Waislamu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na fiqhi ya Shafii inasema muda wa nifasi (damu ya baada ya kuzaa) kwa kawaida ni siku arobaini lakini unaweza kufika sitini. Mila ya nyumbani haikuichukua sitini. Imechukua arobaini na kuitia pia kwenye msiba, ambako sheria haikuiamuru. Eda ya mjane, kwa mfano, ni miezi minne na siku kumi, na wapo masheikh wanaoikemea shughuli ya arobaini kama uzushi. Haikutikisika. Huko bara Wakristo wengi nao husoma arobaini ya marehemu wao. Bandari za Bahari ya Adria ziliona jambo kama hilo: Dubrovnik mwaka 1377 iliamuru wageni kutoka penye tauni wasubiri siku 30, na baadaye muda ukasogezwa kuwa 40 bila ushahidi wowote wa kitabibu kuwa kumi za ziada zinahitajika. Arobaini ilikuwa tayari katika gharika na katika mfungo wa Yesu nyikani, na ilikuwa rahisi kutii muda ambao watu walikwisha kuujua kwa jina.

Mfano wa karibu zaidi na ulio safi zaidi ni wa riadha. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni jijini Vienna kwa saa 1:59:40, na Kenya nzima ikasimama, ingawa muda huo haukuandikwa kama rekodi rasmi kwa sababu ya wasaidizi waliopokezana kumwongoza. Ukuta wa saa mbili ulitoka wapi? Saa ya dakika sitini ni urithi wa Babeli. Umbali wa kilomita 42.195 ulikimbiwa kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya London ya 1908 na kuwa rasmi mwaka 1921. Athens mwaka 1896 mbio zilikuwa takriban kilomita 40. Ajali mbili za historia zilikutana zikazaa ukuta. Kama mbio zingebaki kilomita 40 kamili, Mbrazili Ronaldo da Costa, kwa kasi yake ya wastani aliyoonyesha Berlin mwaka 1998, angekuwa ameubomoa kwa kama nusu dakika, na Vienna ingekuwa siku ya kawaida ya Oktoba. Lakini ukuta ulipokwisha kukubaliwa ukawa wa kweli kwa misuli. Uchunguzi wa karibu matokeo milioni 10 ya wakimbiaji wa marathoni umeonyesha wanaomaliza wakirundikana kabla tu ya saa tatu na saa nne kamili, na kupungua ghafla baada yake. Namba ya kubuni inasukuma miguu halisi.

Tarehe nazo zimo. Julai 7, 1954 kilizaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, na Saba Saba ya Dar es Salaam leo ni mabanda ya maonyesho ya biashara. Julai 7, 1990 wanasiasa wa Kenya Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi. Walitiwa kizuizini kabla ya siku kufika, na Nairobi ikawaka. Mwaka 2025 polisi walifunga barabara za kuingia jijini siku hiyo hiyo. Tarakimu ni zile zile.

Udhaifu wa jibu la tatu ni kupita kiasi. Kama yote ni makubaliano tu, mbona hakuna jamii kubwa inayojulikana kukubaliana kuhusu 53? Mbona tatu, saba na kumi zinarudi tena na tena kwa watu ambao hawakukutana? Anayesema “ni mila tu” ameacha nusu ya kazi.

Soko la namba

Wapo wanaofaidika, na hawa hawahitaji nadharia. Aprili 2023 huko Dubai namba ya gari “P 7” iliuzwa mnadani kwa dirhamu milioni 55. Abu Dhabi mwaka 2008 iliuza “1” kwa dirhamu milioni 52.2. Mnunuzi hapo hanunui bahati, ananunua uchache, na uchache wa tarakimu moja hauwezi kughushiwa. Bahati nasibu hufanya biashara tofauti. Wachezaji wengi huchagua tarehe za kuzaliwa, kwa hiyo namba za 31 kwenda chini hubebwa na wengi. Uwezekano wa kushinda haubadiliki hata chembe. Kinachobadilika, katika michezo ambayo washindi hugawana fungu, ni idadi ya watakaogawana: aliyechagua namba yenye baraka kwa wote huambulia kipande kidogo.

Mizani

Nikiyapima, naona majibu haya si wagombea wa kiti kimoja. Hisabati na akili huandaa orodha fupi ya namba zinazoonekana: ndogo, zisizogawanyika, zilizo kamili. Jamii huchagua kutoka orodha hiyo na kuamua kama ni ya heri au ya shari. Ndiyo sababu saba iko pwani na mlimani, na ndiyo sababu haifanani. Dini, dola na soko huitunza. Jibu la kwanza, la nguvu iliyo ndani, ndilo pekee nisiloweza kulibakiza, ila nakubali limehifadhi kumbukumbu ambazo mengine yamezitupa. Waliohofia 666 mwaka 2019 walikuwa na hesabu mbovu na swali zuri. Sura ya 13 ya Ufunuo inazungumza juu ya mamlaka inayomzuia asiye na chapa asinunue wala kuuza, na hilo liko karibu sana na walichokuwa wakiuliza mawakili kortini kwa lugha yao.

Tofauti ya kuangalia ni kati ya namba inayotumika kama mpaka na namba inayoaminiwa kuwa chanzo. Kama mpaka, namba ni ya bei nafuu: hakuna haja ya kubishana kila msibani ni lini waombolezaji warudi makazini. Gharama yake ni ubutu, kwa kuwa huzuni haijui kuhesabu. Kama chanzo, gharama hupanda, maana mtu huacha kutazama jambo lenyewe.

Uzazi unaonyesha zote mbili kwa pamoja. Siku arobaini za mzazi kukaa ndani zimewapa wanawake wengi mapumziko ambayo hakuna mwajiri wala mume angeyatoa kwa hiari, na zinakaribiana sana na siku 42 ambazo Shirika la Afya Duniani hutumia kuhesabu vifo vya uzazi. Lakini shirika hilo hilo linataka mama na mtoto waonwe na mhudumu ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, ndipo wiki ya sita. Damu nyingi, homa na kifafa cha mimba havingoji arobaini ifike. Mkunga anayemwambia bibi wa nyumba “arobaini yenu ibaki, ila ndani yake atoke mara tatu, au mimi nije mara tatu” hapingani na namba hiyo. Anaurudisha muda huo kwenye kazi ya mpaka, na damu na homa anazipima mwenyewe.